Kijiji Kinapopenda: Mvuto wa Filamu ya Kale ya Mapenzi ya Shamba, na Suala la Lugha Yake



1. Utangulizi

Likawage ni kijiji cha bara ya Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, katika upande wa wilaya unaoelekea Liwale. Ni nchi ya misitu ya miombo yenye mipingo na mininga, na ya mashamba ya mtama, mahindi, muhogo na ufuta. Kwa mwanaisimu, ni nchi ya njia panda. Katika bara hii Kingindo, Kimatumbi na Kimwera hukutana na Kiswahili kilichopanda kutoka pwani ya Kilwa, ambako wataalamu wa lahaja wameorodhesha Kimgao. Mtu aliyelelewa katika nchi ya namna hiyo huweza kuposa kwa lugha moja, kusoma shuleni kwa lugha nyingine, na kuimba ngomani kwa lugha ya tatu.

Likawage haikupata kuwa mji wa majumba ya sinema. Katika vijiji vya aina hii filamu imekuwa ikifika kwa njia zake: zamani kwa gari la serikali lililotundika kitambaa cheupe uwanjani, baadaye kwa deki na jenereta katika kibanda cha video, na siku hizi kwa simu ya mkononi. Ndiyo sababu kijiji hiki kimechukuliwa katika mhadhara huu kuwa mahali pa kusimama na kutazamia. Watafiti wengi wa sinema katika Afrika Mashariki wameitazama kutoka mijini: Unguja, Dar es Salaam, Mombasa. Ikitazamwa kutoka huko, filamu ya kale ya mapenzi ya shamba huonekana kuwa kiburudisho cha watu wa mjini wanaokumbuka walikotoka. Mtu akisimama Likawage, swali hubadilika. Kwa nini mtu anayeishi kijijini avutwe na filamu ya kijiji? Hana la kukumbuka. Jembe analo begani, na kisima anachokiona katika picha anakijua kwa uzito wa ndoo.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mvuto wa filamu hiyo hautokani hasa na mandhari yake wala na ukale wake. Unatokana na jambo ambalo sinema nyingine ilimnyima mtu wa shamba kwa muda mrefu: haki ya kupenda kwa uzito wote, na kulisema penzi lake kwa lugha yake bila kuchekwa. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi ina deni kwa wanafunzi wa Kiswahili, na deni hilo litaelezwa mwishoni.

2. Gari la sinema na mtu wa shamba

Ili kuuelewa mvuto huo, yafaa kwanza kukumbuka mtu wa shamba aliletewa filamu gani mwanzoni. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulifanyika jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika chini ya uongozi wa Meja L. A. Notcutt. Filamu 35 zilitengenezwa, na gari lilizungushwa Tanganyika na katika nchi za jirani kuzionyesha. Zilihusu safura, malaria ya watoto wachanga, kilimo cha kahawa, na uwekaji wa akiba katika benki ya posta. Maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri ili yaweze kubadilishwa lugha kulingana na mahali.

Hakuna ubaya katika kumfundisha mtu kujikinga na safura. Lakini mwanakijiji aliyejitokeza katika filamu hizo alikuwa na mwili bila moyo. Alikuwa na minyoo, alikuwa na shamba, alikuwa na fedha za kuweka. Hakuwa na mtu aliyemkosesha usingizi. Aliyesema juu yake alikuwa msimulizi asiyeonekana, na aliyoyasema yote yalikuwa ni ya kuagiza.

Aina ya pili ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilipotengenezwa Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili. Inayokumbukwa zaidi ni Muhogo Mchungu. Mchezaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, kijana aliyepata elimu yake ya msingi Liwale, katika bara hiihii ya kusini, na ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hapa mtu wa shamba alipata jina na alipata kusema. Hata hivyo, alipewa nafasi ya mshamba anayeingia mjini na kushangaa. Kichekesho cha namna hiyo kina mizizi hata katika fasihi simulizi yetu, na watazamaji walikipenda. Lakini kilithibitisha mpango uleule: elimu, fedha na mapenzi vipo mjini; shambani pana ujinga unaosubiri kuondolewa.

Mpango huo haukufa na ukoloni. Katika filamu nyingi za video zilizotengenezwa Dar es Salaam tangu mwanzo wa miaka ya 2000, kijiji ni mahali pa mganga, pa mchawi, au pa shangazi anayefika mjini na kuku mkononi. Mapenzi hutokea sebuleni, kwenye makochi. Mtu wa Likawage anayetazama filamu hizo huelewa kila neno, lakini mwenyewe hayumo.

3. Filamu ya Kihindi katika upwa wa Waswahili

Kando ya mkondo huo kulikuwa na mkondo mwingine. Jumba la Royal la Unguja lilifunguliwa mwaka 1921, na katika miongo iliyofuata majumba ya sinema yalienea katika miji ya pwani na ya bara, mengi yakimilikiwa na wafanyabiashara wenye asili ya India. Kwa njia hiyo filamu za Bombay zilipata makao Afrika Mashariki mapema. Laura Fair, mwanahistoria aliyeitafiti kwa kina hadhira ya sinema Tanzania, ameonyesha katika maandishi yake ya mwaka 2009 na 2018 jinsi filamu kama Awaara ya mwaka 1951 zilivyowapa vijana na wazee wa Unguja namna ya kuzungumza juu ya jambo zito: je, ndoa ipangwe na wazazi au ifuate moyo? Watu waliotoka katika ukumbi mmoja walirudi nyumbani na swali moja, na kila nyumba ililijibu kivyake.

Brian Larkin alikuta jambo la kufanana kaskazini mwa Nigeria. Katika makala yake ya mwaka 1997 alieleza kwamba Wahausa walizipenda filamu za Kihindi kwa sababu ziliwaonyesha usasa usiokuwa wa Kimagharibi, ambamo vijana hupenda na bado huwaogopa wazazi wao. Maelezo hayo yanafaa pia kwa upwa wetu, ambako sauti za filamu hizo ziliingia hata katika taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga sehemu kubwa ya sifa yake kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi, na kabla yake Yaseen na Mimi walikwisha kuifungua njia hiyo. Mahadhi yalivuka bahari bila maneno. Maneno yakapatikana huku.

Lakini maelezo ya Fair na Larkin yanahusu zaidi watu wa mjini. Hayatoshi kueleza filamu ya shamba. Kwa hiyo ni vyema kuchukua filamu moja ya aina hiyo na kuichunguza kama matini.

4. Ganga Jamuna kama matini

Filamu iliyochaguliwa ni Ganga Jamuna ya mwaka 1961. Iliongozwa na Nitin Bose. Hadithi na utayarishaji vilikuwa vya Dilip Kumar, ambaye pia alicheza kama Ganga. Ndugu yake wa damu, Nasir Khan, alicheza kama mdogo wake Jamuna, na Vyjayanthimala alicheza kama Dhanno. Muziki ulikuwa wa Naushad, maneno ya nyimbo yakiwa ya Shakeel Badayuni.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Mjane mmoja ana watoto wawili wa kiume. Akiisha kufa, mkubwa anajifunga kibwebwe na kufanya kazi ngumu ili mdogo asome mjini. Kijijini yupo msichana, Dhanno, mkali wa maneno, ambaye anagombana na Ganga mpaka wote wawili wanang'amua kwamba ugomvi huo una jina jingine. Mwenye ardhi wa kijiji anajaribu kumvunjia Dhanno heshima yake; Ganga anamwokoa, na kwa kulipiza kisasi mwenye ardhi anamsingizia wizi. Ganga anafungwa. Anapotoka hana pa kusimama. Anakimbilia milimani pamoja na Dhanno na kuingia katika kundi la majambazi, huko wanaoana. Dhanno anapokuwa mjamzito, Ganga anataka kurudi kijijini kuomba radhi. Lakini Jamuna sasa ni ofisa wa polisi, na elimu aliyolipiwa kwa jasho la kaka yake inamtaka amkamate kaka huyo. Dhanno anauawa katika mapambano ya risasi, na Ganga anakufa kwa bunduki ya mdogo wake.

Mambo matatu katika filamu hii yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni kwamba mapenzi hayaanzi kwa kutazamana. Yanaanza katika kazi na mchezo. Ganga na Dhanno wanajuana kwa ng'ombe, kwa njia ya shambani, kwa mchezo wa kabaddi ambao kijiji kizima kinaukusanyikia. La pili ni kwamba yale yasiyoweza kusemwa yanaimbwa. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yao haielezwi kwa neno hata moja la wazi: Dhanno anaimba kwa sauti ya Lata Mangeshkar kwamba hereni yake imepotea, na anamtaka mumewe amsaidie kuitafuta. Mtazamaji aliyepita katika malezi ya unyago haoni ugeni katika jambo hilo. Kungwi naye hufundisha kwa wimbo, kwa fumbo na kwa kitu kidogo kinachobeba maana kubwa. Anayesema kwamba watu wa kijijini hawana lugha ya mapenzi hajapata kuuliza nini hufundishwa huko ndani, na kwa muda gani.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo linahitaji sehemu yake.

5. Penzi kama shauri la ardhi na jamaa

Katika filamu nyingi za mjini, kizuizi cha mapenzi ni mtu: baba mkali, mpenzi wa pili, mchongezi. Katika filamu ya shamba kizuizi ni mpangilio wa maisha. Ganga hapotezi Dhanno kwa sababu ya hasidi wa mapenzi. Anampoteza kwa sababu mwenye ardhi ndiye pia mwenye ushahidi, na mbele yake neno la mkulima halina uzani. Penzi linakuwa kipimo cha haki: kama mkulima hawezi kumlinda ampendaye bila kuwa mhalifu, basi kijiji kizima kimo matatani.

Msomaji wa riwaya ya Kiswahili amekwisha kukutana na mantiki hii. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1976, inamtoa Rehema katika nyumba ya baba yake mwenye mashamba, inampitisha katika dhiki, na inamkutanisha na Sulubu, mkulima. Mapenzi yao yanaota katika kazi ya kulima pamoja, na maafa yao yanatoka katika dai la jamaa za Rehema juu ya ardhi waliyoitoa jasho. Hakuna haja ya kudhani kwamba mwandishi alimfuata Nitin Bose. Pande zote mbili za bahari zilikuwa na wakulima, wenye mashamba, na vijana waliopendana kati ya hao wawili.

Kwa watu wa bara ya Kilwa na Liwale, habari ya mtu kuondolewa mahali pake nayo si ngeni. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wangindo wengi wa Liwale, na Pori la Akiba la Selous likapanuka. Katika miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji. Kila uhamisho una hesabu yake rasmi ya kaya na ekari. Lakini kila uhamisho una pia posa zilizokatika, mashamba ya mahari yaliyoachwa, na watu waliooa huku wakitaka kuoa kule. Hesabu hiyo ya pili haiandikwi na ofisi yoyote. Huandikwa, kama inaandikwa, na wimbo, na hadithi, na filamu ya namna ya Ganga Jamuna, ambayo inamfuata mtu aliyefukuzwa kwao hadi milimani na kukataa kusahau kwamba anampenda mtu.

Hapa ndipo swali la utangulizi linapopata sehemu ya jibu lake. Mtu wa kijijini haitazami filamu ya kijiji ili aone kisima. Anaitazama kwa sababu mambo anayoyajua kama matatizo yaliyotengana, yaani ardhi, ushahidi, elimu ya mdogo wake, heshima ya mke wake, yamefungwa humo katika fundo moja, na fundo hilo limepewa uzito wa msiba.

6. Lugha ya shamba bila kichekesho

Sehemu iliyobaki ya jibu ni ya lugha, na ndiyo inayouhusu ukumbi huu zaidi. Wahusika wa Ganga Jamuna hawasemi Kihindi sanifu kilichozoeleka katika filamu za wakati ule. Wanasema lugha ya shamba ya mashariki ya nchi ya Wahindi, ya jamii ya Kiawadhi. Katika sinema ya Bombay lahaja ya shamba ilikuwa kwa kawaida lugha ya mtumishi na ya mchekeshaji. Hapa ilitiwa katika kinywa cha shujaa, katika tamko lake la mapenzi, katika hasira yake na katika kifo chake.

Ni muhimu kuona kwamba uamuzi huo haukuwa wa wepesi. Dilip Kumar, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yusuf Khan, alizaliwa Peshawar. Vyjayanthimala alikuwa Mtamil kutoka kusini. Shakeel Badayuni alikuwa mshairi wa ghazal za Kiurdu. Hakuna mmoja kati yao aliyeichukua lahaja hiyo kwa kuwa hakuwa na nyingine, walijifunza. Walijifunza kwa sababu waliona kwamba mkulima akitamka penzi lake kwa lugha ya afisa, hadhira itasikia afisa. Hadhira haikuwaangusha: Vyjayanthimala alipata tuzo ya Filmfare ya mchezaji bora wa kike kwa nafasi ya Dhanno.

Fasihi ya Kiswahili imelijibu suala hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya Shaaban Robert. Katika Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968, mtu anaacha kazi ya mjini na kurudi shambani, na shamba linapewa hadhi kubwa kuliko mji. Lakini hadhi hiyo imevishwa Kiswahili kilichonyooka na kupambwa, ambacho si cha kijiji chochote. Mkulima ameheshimiwa kwa kupewa lugha bora kuliko ya bwana ofisi. Njia ya pili ni ya Nyota ya Rehema, ambamo usemi wa Sulubu una rangi ya lahaja ya mashamba ya Unguja, na msomaji hatakiwi kumcheka.

Njia ya kwanza ndiyo iliyoenea. Sababu zake zinaeleweka. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihitaji vitabu vya shule vya namna moja. Baada ya uhuru taifa lilihitaji lugha ya kuunganisha makabila, na Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na matunda yake yanaonekana. Hata hivyo, ilikuwa na gharama ambayo haizungumzwi sana: lahaja na lugha za bara zilibaki na kazi moja tu katika maandishi na katika maigizo, nayo ni kuchekesha. Msanii anayetaka hadhira icheke humpa mhusika lafudhi ya kusini. Msanii anayetaka hadhira ilie humrudishia mhusika Kiswahili Sanifu. Kwa hiyo kijana wa Likawage hujifunza, bila kuambiwa na yeyote, kwamba lugha aliyobembelezewa na bibi yake haifai kutongozea katika kitabu.

7. Sauti ya mfasiri

Swali moja bado halijajibiwa. Kama lugha ni kiini cha mvuto, vipi mtu asiyejua Kihindi sanifu wala Kiawadhi aguswe? Je, tofauti hiyo ya lahaja haimpiti?

Ingempita kama angetazama peke yake. Lakini filamu katika kijiji haikuwahi kutazamwa bila msemaji. Gari la serikali lilikuwa na mtu wa kipaza sauti aliyefafanua picha kwa lugha ya mahali. Baadaye kibanda cha video kikamzaa mfasiri wake. Aliyepata sifa zaidi Tanzania ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ya Kiswahili iliuzwa katika kanda na sahani kote nchini. Matthias Krings amemchambua kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2015. Birgit Englert na Nginjai Paul Moreto nao waliandika mwaka 2010 juu ya ufasiri wa filamu za kigeni kwa Kiswahili kama jambo la Kitanzania lenye sura yake.

Mfasiri huyo hatafsiri neno kwa neno. Anasimulia, anamwita mhusika kwa jina jipya, anatia methali, anamkanya mwenye hila kabla hila yake haijafanyika, anaihoji hadhira. Kwa istilahi za fasihi simulizi, huyo ni fanani, na kibanda ni uwanja wa ngano. Kati ya msemaji wa gari na mfasiri wa kibanda chombo ni kilekile, kipaza sauti. Kazi ndiyo iliyogeuka. Wa kwanza alipewa maneno ya kumwagiza mwanakijiji. Wa pili anajitafutia maneno ya kumfanya mgeni wa Kihindi awe jirani.

Katika kitendo hicho ndipo lahaja inapopata mlango. Mfasiri anayesema na watu wa mahali fulani ana uhuru ambao mwandishi wa kitabu cha kiada hana. Anaweza kumfanya mwenye ardhi aseme Kiswahili cha ofisini na mkulima aseme cha nyumbani, na hadhira ikajua kwa masikio nani ni nani. Anaweza kufikia tamko la mapenzi na kulitamka kwa Kingindo. Uwezekano huo ni wa pekee katika historia ya Kiswahili: maigizo ya mapenzi ambamo lugha ya shamba inaweza kubeba kilio na si kicheko.

8. Pingamizi mbili

Hoja hii inaweza kupingwa kwa njia mbili, na zote mbili zina nguvu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba filamu hizo zinampamba mkulima lakini zinamuua mwanamke. Dhanno ana ulimi mkali katika nusu ya kwanza. Katika nusu ya pili ni mzigo wa heshima ya Ganga, na mauti yake yanakuja ili msiba wa wanaume wawili ukamilike. Hilo ni kweli. Mvuto wa filamu usichanganywe na uadilifu wake. Lakini hata hapa lugha ina jambo la kusema. Kinachobaki katika kumbukumbu ya mtazamaji si kifo cha Dhanno bali maneno yake na nyimbo zake, na hizo ndizo zilizopitishwa kutoka kinywa hadi kinywa. Mwanamke aliyenyimwa mwisho mwema alipewa sauti kubwa, na sauti ndiyo iliyodumu.

Pingamizi la pili ni kwamba mvuto wote huu ni wa wazee. Vijana wa leo wana simu. Wanapenda filamu za Kikorea, za Kinigeria na za Kituruki. Shamba lenyewe wanalikimbia kwa bodaboda. Kwa hiyo filamu ya kale ni maombolezo ya kizazi kinachopita. Pingamizi hili linasahau kwamba tamthilia nyingi wanazozipenda vijana hao zimejengwa juu ya fundo lilelile la ardhi, jamaa na posa, na kwamba zinawafikia zikiwa zimetiwa sauti ya Kiswahili. Mavazi yamebadilika; haja ya kuona penzi likishindana na mpangilio wa maisha haijabadilika. Kilichopungua ni nafasi ya lahaja, kwa kuwa tafsiri ya studio hutengenezwa kwa ajili ya nchi nzima, na nchi nzima haina lahaja.

9. Hitimisho

Imeelezwa kwamba filamu ya kale ya mapenzi ya shamba ilimpa mwanakijiji vitu viwili alivyonyimwa na filamu ya kumfundisha na filamu ya kumcheka: moyo, na lugha ya moyo. Imeelezwa pia kwamba katika nchi ya Waswahili kitu cha pili hakikuja ndani ya filamu yenyewe. Kililetwa na mtu aliyesimama kando yake na kusema.

Deni lililotajwa mwanzoni ni hili. Filamu yenyewe imehifadhiwa. Ganga Jamuna inapatikana leo kwa yeyote mwenye simu. Kiswahili kilichosemwa juu ya filamu za namna hiyo vijijini hakikuhifadhiwa ila kwa sehemu ndogo sana. Kanda za VHS zinaota ukungu, na waliofasiri papo kwa papo bila kurekodiwa hawakuacha kitu isipokuwa katika kumbukumbu za waliowasikia. Idara za Kiswahili zimekusanya ngano, methali, vitendawili na nyimbo za jando, na zimefanya vizuri. Ufasiri wa kibandani ni utanzu wa fasihi simulizi uliozaliwa mbele ya macho ya wataalamu, na uko karibu kuzikwa bila kuandikwa.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi anayekwenda likizo Kilwa, Liwale, Nachingwea au Ruangwa anaweza kuuliza nani alikuwa akifasiri kibandani, akamrekodi angali hai, na akaandika si kisa tu bali maneno: alimwitaje mwenye ardhi, alilitamkaje penzi la mkulima, na alipofika mahali ambapo Kiswahili cha shuleni hakikumtosha, alishika lugha gani. Majibu yake yatakuwa na faida kwa mtaalamu wa lahaja, kwa mtafiti wa fasihi, na kwa mwandishi wa riwaya anayetafuta namna ya kumfanya mkulima apende bila kumvika lugha ya kuazima. Nayo Likawage, ambayo katika mhadhara huu imekuwa mahali pa kutazamia tu, itapata kusikika yenyewe.